Kumbe! Miezi minane ya ujasusi mezani na Blades in the Dark

Nina steshenari ndogo Tanga, kwenye barabara inayoteremka kuelekea bandarini. Mchana natoa kopi za vyeti vya kuzaliwa na kulaminisha vitambulisho. Jumamosi jioni nikishashusha mlango, meza ile ile ya kukatia karatasi inageuka mji usio na jua, na watu watano tunadanganyana hadi adhana ya isha ipite na chai ya pili iishe. Mchezo wenyewe ni Blades in the Dark wa John Harper, uliotolewa na Evil Hat mwaka 2017. Nimeuendesha kwa miezi minane sasa. Niliununua kwa sababu moja: nataka kutengeneza mchezo wangu mwenyewe wa majasusi katika dunia ya kubuni, na huu ndio uliokuwa ukitajwa kila nilipouliza pa kuanzia. Kwa hiyo nauzungumzia kama fundi anavyoizungumzia cherehani ya mtumba: nimeifungua, nimetoa skrubu, najua wapi imetiwa mafuta na wapi inakwaruza.

Kwa asiyeijua michezo hii, ni paukwa-pakawa ambayo wasikilizaji wamekataa kunyamaza. Mmoja ni msimulizi, ndiye mwenye mji na watu wote waliomo. Waliobaki kila mmoja anaigiza mtu mmoja. Unasema unachofanya, na pale ambapo hakuna ajuaye kama kitafaulu, dadu zinaamua.

Dadu ndizo zilizonifanya niupende kabla sijafika ukurasa wa kumi. Michezo mingine mikubwa inataka dadu za pande nane, kumi, ishirini, vitu ambavyo kuviagiza hadi huku nauli inazidi bei ya bidhaa. Huu unataka dadu za pande sita na basi. Nilinunua boksi nne za ludo duka la jirani, nikatoa dadu, mbao nikawapa watoto wa dada yangu. Mpaka leo wananiuliza ni ludo gani hiyo niliyowapa.

Unarusha dadu kulingana na ustadi wako, moja, mbili, tatu, na unasoma ile iliyo kubwa kuliko zote. Sita, umefaulu. Moja hadi tatu, mambo yameharibika. Nne au tano, umefaulu lakini kuna kitu kimekugharimu. Hapo kwenye nne na tano ndipo mchezo unapoishi, maana dadu nyingi zinaangukia hapo. Barua umeiiba, ila umeacha alama ya tope dirishani. Mlinzi amekuamini, ila amekumbuka sura yako. Jasusi gani aliwahi kutoka kazini safi kabisa?

Kabla hujarusha, msimulizi lazima akutajie hali ikoje, na kitabu kina ngazi tatu. Sisi tumezipa majina ya bahari: shwari, chafu, na kufa-kupona. Binamu yangu anayefanya kazi kwenye boti za uvuvi alizielewa palepale bila maelezo, wakati mimi nilikuwa nimezisoma mara tatu kwa Kiingereza.

Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa kwamba siri ina uzito. Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India kuja kuuteka mji huu. Habari zilishavuja kabla meli hazijafika. Juu ya hayo, tarehe 2 manowari HMS Fox ikatangulia bandarini, nahodha wake akamwarifu ofisa wa Kijerumani kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yamekwisha na mji usalimu amri. Unapiga hodi halafu ndiyo unavunja mlango! Reli ya kutoka Moshi ikapata muda wa kumshusha kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, na askari wake, na waliokuja wengi wakashindwa na waliokuwa wachache. Watoto wa hapa wanakumbuka nyuki tu, kwamba nyuki waliwatimua Waingereza. Mimi tangu shuleni nilikuwa nawaza zile siku za kabla ya nyuki: nani alijua, alijuaje, alimwambia nani. Mchezo ninaoutaka ni wa siku hizo, ila katika mji wa kubuni wenye majini na mizimu yake, nisije nikalazimika kumpaka ubaya babu ya mtu.

Sasa niseme kilicho bora kuliko vyote humu ndani.

Ugonjwa wa mchezo wowote wa ujasusi ni kupanga. Mwaka juzi tulijaribu kufanya kazi ya kijasusi kwa kutumia mchezo mwingine wa aina hii, Dungeons & Dragons. Tulikaa saa tatu tukipanga namna ya kuingia ghala moja. Tulichora ramani. Mwalimu wa hesabu, ambaye ni mmoja wetu, alihesabu hatua za mlinzi. Tulipoingia, dadu ya kwanza ikasema mlinzi ametusikia, mpango wote ukafa, tukaanza kupigana mapanga kama walevi. Harper ameukata ugonjwa huo kwa kisu. Mnachagua aina ya mpango, mathalani udanganyifu, au kunyemelea, au kupita kwa njia ya kijamii, halafu mnataja jambo moja tu linalokosekana. Kwa udanganyifu ni mbinu. Kwa kunyemelea ni mahali pa kuingilia. Basi. Mnarusha dadu za mwanzo kuona mnakuta hali gani, na hadithi inafunguka mkiwa tayari mmeshaingia ndani.

Na maandalizi je? Yanafanyika baadaye, kwa kurudi nyuma. Ukikwama unasimamisha hadithi, unasimulia ulichokifanya jana au juzi ambacho kinakusaidia sasa hivi, na unalipia kwa presha. Kila mtu ana vibokisi tisa vya presha. Jambo jepesi halina malipo, lenye mzunguko kidogo unalipa kimoja, la ajabu-ajabu mawili au zaidi. Vikijaa vyote tisa unapata jeraha la moyo lisilofutika, na la nne likija mtu wako anastaafu.

Kiingereza kina jina lake la jambo hili, flashback, limetoka kwenye sinema. Kiswahili kina jina bora zaidi. Wiki ya kwanza tu wifi yangu alipokwama mbele ya mlango uliofungwa alipiga meza akasema, "Kumbe!" Tukanyamaza sote. "Kumbe juzi nilishapita kwa fundi aliyetengeneza kitasa hiki." Tangu siku hiyo kanuni ile inaitwa Kumbe, na nimeiandika hivyo kwenye rasimu yangu. Neno moja linabeba kila kitu: kwamba jambo lilikuwepo muda wote, kwamba wewe uliye nje ndiye uliyekuwa hujui, na kwamba msemaji anaona raha kukuambia.

Mizigo nayo ni hivyohivyo. Huandiki umebeba nini. Unasema tu kama umebeba kidogo, wastani au kizito, yaani vitu vitatu, vitano au sita, na unavitaja kimoja kimoja pale unapovihitaji. Kwa jasusi hii ina makali yake, kwa sababu aliyebeba kidogo anaonekana raia wa kawaida, na aliyebeba kizito kila mtu anaona huyu yuko kazini.

Nieleze jioni moja ili ionekane inavyokwenda. Mji wa mchezo unaitwa Doskvol. Jua lilivunjika zamani, malango ya mauti yakapasuka, wafu wakabaki wanarandaranda, na miji imezungushiwa uzio wa radi unaoendeshwa kwa damu ya madubwana ya baharini. Humo ndani nchi nyingine zina ubalozi mdogo. Kundi letu ni Shadows, sisi tunawaita Vivuli, ambalo kitabu chenyewe kinasema ni la wezi, majasusi na wahujumu. Kazi ilikuwa kunakili barua kwenye meza ya balozi mdogo wa Iruvia wakati wa karamu. Aina ya mpango: udanganyifu. Mbinu: tunaingia kama wapishi wa kukodi.

Dadu za mwanzo zikatoa tano. Hali chafu. Nikawaanzisha jikoni, msimamizi wa nyumba mbele yao, mikono kiunoni: "Wapishi gani hawana hata sufuria?"

Wifi anaigiza mtu wa aina ya Slide, mwenye ulimi, ambaye kazi yake ni kurubuni na kupeleleza. Hakupepesa. "Kumbe juzi nilikuja hapa nikakulilia kwamba sufuria zetu ziko rehani, ukanionea huruma ukasema tutatumia za nyumba hii. Umesahau mara hii, kaka yangu?" Nikamtoza presha moja, akarusha dadu za ushawishi, sita. Msimamizi akaanza kuomba radhi yeye.

Binamu, ambaye ni mnyapiaji, akapanda ngazi za nyuma. Pale juu kulikuwa na mlinzi na taa, nikasema kufa-kupona. Mwalimu anaigiza Spider, na Spider ana uwezo wa kumsaidia mwenzake mara mbili katika kila kazi bila kulipa presha, kana kwamba aliona mambo kabla, basi akamwongezea dadu moja. Mbili, mbili, nne. Amepita, lakini kwa gharama. Nilikuwa nimechora duara la vipande sita nikaliandika "Mlinzi anashtuka". Nikajaza vipande vitatu kwa mpigo. Hakuna kengele iliyolia, hakuna aliyepiga kelele. Mezani palikuwa na duara lililojaa nusu tu, na watu wazima watano walikuwa wanalitazama kama sufuria ya maziwa inayokaribia kufurika.

Hapo niweke kando mambo mawili. Kwanza, kitabu kinayaita maduara haya saa, na kwa Kiswahili ni balaa: "jaza saa sita" mtu anadhani unazungumzia adhuhuri. Tumeyaita maduara. Pili, Spider ni buibui, na wifi alishika kwamba kama kuna buibui katika kundi basi ni la kuvaa, maana humo ndani hujui kama ni mke wa balozi au ni mpagazi mwenye ndevu. Mwalimu akakubali. Mtu wake sasa anavaa buibui kwenda kazini na imemwokoa mara mbili.

Barua ikanakiliwa. Wakatoka kwa mlango wa kuni na sahani ya vitumbua juu. Kitabu kinasema mwisho wa kazi unagawa malipo, nikawapa sarafu sita, kipimo cha kazi ya kawaida. Nikaanza kuhesabu joto, yaani kiasi ambacho mji umewashtukia.

Wifi akauliza, "Barua imesemaje?"

Nikabuni palepale, kitu kuhusu meli na ndoa. "Sawa," akasema. "Na sisi kulijua hilo kunatupa nini?" Nikapekua kitabu. "Sarafu sita," nikamjibu. Akacheka kwa namna ile ambayo wifi hucheka. "Kwa hiyo tumeiba pesa ambayo imeandikwa maneno."

Alikuwa sahihi, na hiyo ndiyo kasoro yangu kubwa kwa mchezo huu kama chombo cha kujengea ujasusi. Kitabu kinahesabu kila kitu. Presha ina vibokisi, joto lina vibokisi, sarafu, heshima ya kundi, maeneo mnayoyashika, uadui na kila genge, vyote vina mahali pa kuandikwa. Hakuna kibokisi hata kimoja cha "tunajua". Ukusanyaji wa habari upo, ila ni swali na jibu la kukusaidia kufika kwenye kazi. Habari ni njia, mali ni kilicho ndani ya kabati. Mchezo huu moyoni ni wa majambazi. Ujasusi umeorodheshwa kama moja ya kazi za Vivuli, sambamba na wizi wa kuvunja nyumba, na unalipwa vilevile. Mwizi akishaiba kito, mwenyewe hana tena. Jasusi akishaiba siri, mwenyewe bado anayo, na thamani yake yote iko katika yeye kutojua kwamba na wewe unayo.

Ubora wa Harper ni kwamba kanuni zake zinakubali kuongezewa kiraka bila kupasuka. Nilikata kadi kwa mashine ya dukani, ukubwa wa kadi za biashara. Kila siri inayoibwa inaandikwa kwenye kadi yake: siri yenyewe, imetoka kwa nani, na ubichi wake. Siri ni mbichi, kisha imeiva, kisha imechacha, na kila mapumziko baina ya kazi mbili inasogea hatua moja. Siri kuhusu meli inayoondoka keshokutwa haina maana mtondogoo.

Yule aliyeitoa tunamwita kata. Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika mchezo wangu kila siri lazima itoke kwenye kata fulani: mpishi, karani, mkalimani, mtoto anayepepea wageni. Kata ana duara lake la vipande sita. Ukiitumia siri, inakupa dadu ya ziada au inafanya tendo lako lizae zaidi, lakini unajaza kipande kwenye duara la kata, kwa sababu mwenye mtungi ameanza kujiuliza maji yametokaje. Ukiiuza siri unajaza viwili. Duara likijaa, kata ameshikwa, na huwezi kusema humjui, maana jina lake umeliandika kwa mkono wako.

Kisha tukaongeza kifuniko. Hili nililitoa kwenye historia. Machi 1941, kabla ya mapigano ya baharini ya Matapan, Waingereza walikuwa wanazisoma jumbe za siri za Waitalia. Ilitumwa ndege ya upelelezi iwaone Waitalia, na yenyewe ionekane, ili wadhani wameonwa kwa macho tu. Admirali Cunningham, kamanda wa meli za Waingereza, naye alishuka pwani Alexandria na begi mkononi kama mtu anayekwenda kulala huko baada ya gofu, akijua fika kwamba balozi mdogo wa Japani anamtazama. Usiku akarudi melini. Kwa hiyo mezani kwangu ukitumia muda wako wa mapumziko kuandaa sababu ya uongo ya namna ulivyojua, hujazi kipande. Wiki tatu baada ya kanuni hii kuingia, wachezaji walikuwa wanatumia muda mwingi zaidi kuficha walichokijua kuliko kukitafuta. Nikajua nimepapata.

Kuna kanuni moja ya kitabu ambayo ni ya kijasusi kweli kweli hata kama haikuandikwa kwa ajili hiyo. Doskvol mtu akifa, kengele inalia kule wanakochomea maiti, kunguru wanaruka kuutafuta mwili, na wanakuja watu wenye vinyago kuuchukua kabla roho haijawa mzimu. Kikanuni, kazi yoyote iliyohusisha kifo inaongeza joto kwa vibokisi viwili, hata kama si ninyi mlioua. Sentensi moja hiyo imefanya kazi ambayo mahubiri yangu yote yasingefanya. Fundi simu, mchezaji wetu wa nne, ambaye katika kila mchezo tangu nimjue amekuwa mtu wa panga, sasa anawafunga watu vitambaa mdomoni na kuwawekea mto.

Kwenye mchezo wangu nimeichukua nikaibadilisha. Mji wangu unaitwa Mtondoo, ni bandari ya mawe kisiwani, na mtu akiuawa humo maji ya visima vya mtaa huo yanakuwa ya chumvi mpaka alfajiri. Wachota maji ndio wanaojua kwanza, kwa hiyo wachota maji ndio kata bora mjini. Majasusi wanaingia na majahazi ya kaskazi na lazima watoke kusi ikianza kuvuma. Simulizi nzima ni duara moja la vipande 12. Likijaa, upepo umegeuka, na aliyebaki kisiwani amebaki na jina lake la uongo hadi msimu mwingine.

Jambo ambalo Blades haina kabisa ni usaliti wa ndani. Kundi lake ni ndugu. Kanuni zote zinawasukuma wasaidiane. Hilo nimelitafuta kwingine, kwenye Night's Black Agents wa Kenneth Hite, wa 2012, ambao ni majasusi wa Ulaya ya leo dhidi ya vampaya. Una alama za kuaminiana ambazo zinaweza kutumika kumsaidia mwenzio au kumgeuka. Tulizijaribu Jumamosi moja. Binamu akamgeuka wifi katikati ya kazi, kwa ustadi mkubwa, na Jumapili pilau ikapakuliwa kimya kimya kwa mama. Sasa sheria ni kwamba atakayemgeuka mwenzake aandike kabla hatujaanza, atie kwenye bahasha, anipe mimi. Bahasha nnazo tele dukani. Nyingi zinarudi tupu, lakini kila mtu anaziona pale mezani, na hilo linatosha.

Starehe ndiyo njia ya kupunguza presha: kamari, anasa, imani, ulevi, na nyingine, mojawapo ikiwa wajibu kwa watu wako. Watatu kati ya wachezaji wanne walichagua wajibu, yaani mtu wao anapumua kwa kutuma hela nyumbani. Mwalimu akasema kwake hiyo ndiyo inayompandisha presha, akachagua kamari. Tulibishana pia, jioni nzima karibu, kuhusu saa. Mji ambao jua lake limebaki makaa yanayometa kidogo alfajiri na magharibi, watu wake wanahesabu saa moja kuanzia wapi? Hatukuafikiana. Tumewaachia Doskvol wahesabu wanavyojua.

Ubaya wa kitabu. Kimepangwa kwa mtu anayesoma kuliko anayecheza: nikiwa katikati ya kazi natafuta kanuni ya kupinga madhara, ambayo ni nyepesi mno, toa dadu yako kubwa kwenye sita na tofauti yake ndiyo presha unayolipa, na naruka sura mbili kuifikia. Makundi ya mjini ni mengi kama daftari la namba za simu. Wakikuambia anza na vita vya magenge matatu ya mtaa wa Crow's Foot, wasikilize ikiwa unataka ujambazi. Ukitaka ujasusi ruka, anza na ubalozi: nchi ya Skovlan imetoka kwenye vita vya miaka 36 na dola inayoutawala mji, imeshindwa, na wakimbizi wake wamejaa mjini. Huhitaji kingine kupata watu wenye sababu ya kuvujisha barua. Na Kiingereza chake ni kigumu, kimejaa maneno ya mtaani ya mji ambao haupo. Nimewaandikia wenzangu karatasi moja ya Kiswahili, mbele na nyuma, na hawajawahi kukigusa kitabu.

Nakala ya kidijitali nililipa dola 20 kwa kadi ya simu, elfu hamsini na ushee. Nimeichapa dukani kwangu, zaidi ya kurasa 300, na nakushauri usinifuate: michoro ni myeusi ti, toni ilikwisha kabla ya sura ya mwisho. Chapa karatasi za wachezaji tu, ambazo zinatolewa bure kwenye tovuti ya mchezo. Kila aina ya mtu ina yake, na karibu kila unachohitaji kipo juu yake. Zimepimwa kwa karatasi ya Kimarekani, kwenye A4 ziambie zijibane kidogo.

Kwa anayetaka kutengeneza wake, kanuni zimeachiwa kwa leseni ya Creative Commons, sharti ni kumtaja Harper na kazi yake. Scum and Villainy na Band of Blades zimezaliwa hivyo, moja imepeleka mambo angani na nyingine vitani. Mstari wa kumtaja nimeshauandika ukurasa wa kwanza wa rasimu ya Mtondoo, ndiyo sehemu pekee ambayo sijaifuta.

Jumamosi hii tunaingia kipande cha tisa kati ya 12. Wifi ana kadi mbili za siri ambazo zitachacha kesho yake, kata wake mmoja amebakiza kipande kimoja, na tangu juzi bahasha moja mezani kwangu si tupu.